Chati Safi ya Mama Dorina

Nimesema, Anyango! Leo asubuhi nimesimama mbele ya meza ya Matroni kule nyumba ya wazee nikasema kwamba maneno ya Consolata yalikuwepo kwenye chati ya oksijeni ya Mama Dorina, kwamba mimi ndiye niliyeyaacha nilipoinakili, na kwamba ile chati ya kwanza niliitia motoni kwa mkono wangu huu. Consolata hakudanganya. Nimesema kwa sauti, na mlango ulikuwa wazi.

Haya, sasa nikusalimu. Hujambo, nyathina, mwanangu? Mimi nipo tu hapa nyumbani Otonglo, mezani, kwenye kile kiti chako kinachoyumba, na wewe uko mjini unasukwa nywele za kwenda nazo Ujerumani. Umesema mtamaliza jioni. Najua nywele za namna hiyo, hazimalizwi jioni inayosemwa. Kwa hiyo nina muda. Barua nitaiweka ndani ya bahasha ya vyeti vyako, uikute ukiwa huko juu angani, mahali ambapo huwezi kushuka ukaja kuniuliza maswali.

Dholuo nitakulilia kesho uwanjani. Leo wacha niandike Kiswahili, lugha niliyopewa zawadi nayo nikiwa darasa la saba kule Luanda Kotieno: kalamu mbili na daftari la kurasa tisini na sita, mbele ya wazazi wote. Mwalimu mkuu alilinyanyua daftari langu juu akasema tazameni, hakuna hata doa. Nilikaa shuleni mwaka mmoja tu zaidi baada ya hapo, lakini ule mnyanyuo wa daftari umenibeba hadi leo. Umenibeba vizuri, na umenibeba vibaya.

Sitakuambia habari ya sweta. Sweta zipo, na shangazi yako ameongeza nyingine ya rangi ya machungwa ambayo hutaivaa. Sitakuambia kula, sitakuambia kusali, sitakuambia wanaume wa huko. Umejifunza lugha yao mwaka mzima ukiongea na sufuria zangu, umefaulu mtihani wa uuguzi ukiwa wa pili darasani, na nyumba ya wazee ya huko, watu wazima na akili zao, imekuandikia barua kwamba inakusubiri. Mtoto wa kwanza kupanda ndege katika ukoo wetu wote, wa baba yako na wangu. Nimewaambia watu wa kanisani, nimemwambia muuza mkaa, nimemwambia hata yule mama ambaye hatusalimiani. Wakichoka kusikia, shauri yao.

Ila Jumamosi, kwenye maombi ya kukuaga, nilizidisha. Niliona watu wamejaa hadi nje, chakula kimetosha, nikasimama nikasema: “Huyu amefuata mkono wangu. Mwandiko huu mnaouona kwenye ratiba za mazishi za kanisa letu, ndio uliomfikisha Ulaya.” Watu wakapiga makofi. Shangazi yako akakugeukia akasema, “Umesikia, mama? Ukifika uandike kama mama yako.” Na wewe ulikuwa umeshika sinia la soda. Ukasema polepole, “Hapana, shangazi. Mimi nitaandika kama Consolata.”

Shangazi alicheka kwa sababu hakujua Consolata ni nani. Mimi sikucheka. Uliendelea kugawa soda, ukafika kwangu, ukaniuliza, “Mama, ya machungwa au nyeusi?” kana kwamba hukusema kitu.

Kumbe ulijua. Miaka mitatu tumelala chumba kimoja na ulijua.

Nakumbuka vile nilivyoingia kazi ile. Baba yako alikuwa amefariki, wewe uko darasa la nne, na nyumba ya wazee ya hapa ilikuwa inatafuta mtu wa kufua. Nilifua mwaka mzima. Siku moja daktari aliona orodha ya mashuka niliyoandika nikaibandika ukutani, akauliza nani ameandika hii. Matroni akasema ni Mama Anyango wa kufua. Daktari akasema, “Huyu mnamweka kwenye sabuni ya nini?” Ndivyo nilivyotolewa kwenye mabeseni nikafundishwa kutunza wazee. Nimewageuza kitandani, nimewalisha, nimewakata kucha, lakini kilichonipa jina pale ni karatasi. Mwenzangu akiandika, Matroni alivaa miwani. Nikiandika mimi, aliivua.

Kazi yangu nyingine, ambayo hakuna aliyenipa ila nilijipa, ilikuwa kunakili. Karatasi za nyumba ya wazee zinateseka. Zinamwagikiwa chai, zinashikwa na mikono yenye mafuta ya mgongo wa mtu, huyu ameandika kwa penseli, yule amekata akaandika juu. Wakaguzi wa kaunti wakikaribia, sote tulijua: karatasi chafu apewe Mama Anyango. Nilizileta nyumbani, nikapiga mistari upya, nikahamisha kila kitu kwa mwandiko wangu, nikarudisha faili iking’aa. Hakuna aliyeona ubaya. Ilikuwa kama kupiga deki kabla wageni hawajafika.

Na wewe ulikuwa unanishikia rula.

Mama Dorina unamkumbuka, yule mama wa Usenge aliyekuwa akikuita mke wa mwanawe kila ulipoleta chakula changu. Alibanika samaki kwenye moshi tangu akiwa msichana hadi wajukuu wakawa na ndevu, na ule moshi ulimkaa kifuani. Alikuja kwetu na mashine yake ya oksijeni na mpira wa puani, na agizo la daktari lilikuwa limebandikwa mbele ya faili: lita mbili, na kipimo cha kidole, kile cha hewa iliyomo damuni, kisishuke chini ya themanini na nane wala kisipite tisini na mbili. Mimi nilidhani oksijeni ni kama uji, ukizidisha unamfaidi mtu. Daktari alitueleza sote. Alisema mapafu ya huyu mama yamezoea hewa kidogo. Ukimjazia, kupumua kunazembea, hewa chafu inabaki ndani, inampa usingizi, na usingizi huo si wa kupumzika. Kwa hiyo kila baada ya saa kadhaa tuliandika lita ngapi, kidole kimesema ngapi, yuko macho au amelala, na jina la aliyepima.

Jumamosi ile ya miaka mitatu iliyopita Consolata alikuwa na zamu ya asubuhi, mimi nikampokea saa kumi. Alinikabidhi faili mlangoni akiwa ameshavaa viatu vya kuondokea. Akasema, “Mama Anyango, Mama Dorina leo kichwa kinamuuma na anasinzia sana. Nimeandika yote hapo.” Nikamwambia haya, nenda salama. Niliingia nikamwona Mama Dorina amelala, mashine inanguruma, nikamfunika miguu. Sikutazama imewekwa lita ngapi. Nilichotazama ni chati. Ilikuwa imemwagikiwa uji wa wimbi, kona yote imekakamaa, na Jumatatu wakaguzi walikuwa waje.

Wazee walipokuwa wakinywa chai nikaomba nusu saa, nikakimbia nayo nyumbani. Unakumbuka. Ulikuwa umefua, kamba imejaa. Nilikuita, ukaja na mikono mibichi, ukaipangusa kwenye leso, ukashika rula. Tulienda vizuri hadi mwisho. Ndipo ukaweka kidole pembeni mwa ile karatasi ya zamani, mahali ambapo Consolata alikuwa amegeuza karatasi upande akaandika maneno madogo ya bluu yanayopanda juu kama sisimizi. Ukasoma: “Saa nane na dakika ishirini, kidole tisini na saba, anasinzia. Nimempigia daktari. Amesema tupunguze hadi lita moja. Nimemrudishia maneno yake, amesema ndiyo. Atatia sahihi Jumatatu.”

Ukaniuliza, “Mama, haya ya pembeni unayaweka wapi?”

Nikakujibu, “Pembeni si mahali pa maneno.”

Ukasema, “Lakini ni agizo la daktari.”

Ulikuwa na miezi mitano tu kwenye chuo cha uuguzi. Nikakuambia, nakumbuka hata sauti yangu, ile ya kuinua kidevu: “Agizo la daktari ni lile lenye sahihi yake. Hili ni agizo la Consolata. Consolata anapenda kuongea mpaka na karatasi. Wewe shika rula.”

Ukashika rula. Mtoto mtiifu. Laiti siku hiyo ungekuwa na kiburi kidogo cha mama yako.

Nikaijaza safu yote: lita mbili, lita mbili, lita mbili. Hata ile ya saa nane. Nilipenda vile zilivyopangana chini. Ile ya uji nikaikunja, nikaitia kwenye jiko lililokuwa linazimika, ikashika moto, chai ikachemka. Tulikunywa ile chai, Anyango.

Jumapili dada wa zamu alifika akafungua faili, akasoma lita mbili. Akatazama mashine, akaona iko kwenye lita moja. Kosa lake ni lipi? Aliona kinachosemwa na karatasi safi, akadhani kuna mtu amegusa kidude kwa bahati mbaya wakati wa kupangusa vumbi, akakirudisha. Jumatatu asubuhi tulimwita Mama Dorina akanywe chai. Tukamwita kwa jina lake, kwa jina la marehemu mumewe, kwa jina la nyumba yao. Macho yalifunguka nusu yakafunga. Wakaguzi walikuwa wanaingia getini wakati gari la wagonjwa linatoka.

Alipona. Nataka ujue najua kwamba alipona, na kwamba sikumponya mimi. Alikaa hospitali kubwa wiki tatu, akarudi amekonda, na ile mizaha ya mke wa mwanawe hakurudi nayo. Baadaye wanawe wakamchukua wakampeleka kwao Usenge na mashine yake.

Lakini kabla ya hapo kulikuwa na kikao. Hujawahi kunisikia nikikisimulia, kwa hiyo nisikilize. Tulikaa kwenye ukumbi wa kulia, viti vimepangwa duara. Matroni, daktari, Mchungaji wa kamati, wana wawili wa Mama Dorina, na sisi wafanyakazi. Faili katikati. Mwana mkubwa, Bwana Ouko, akauliza swali moja tu: “Mama yetu alikuwa anasinzia tangu Jumamosi. Nani aliona, na alifanya nini?”

Consolata akasimama. “Mimi niliona. Nilimpigia daktari. Akasema lita moja, nikaipunguza, nikaandika.”

“Iko wapi?” Matroni akauliza.

“Pembeni. Kwa kalamu ya bluu.”

Ile chati ikazunguka mkono kwa mkono. Pembeni palikuwa peupe. Daktari akajikuna shingo akasema, “Mimi napigiwa simu na nyumba za wazee nyingi, na wagonjwa wangu juu yake. Siwezi kuapa nilisema, siwezi kuapa sikusema. Kama nilisema, ndiyo maana tunaandika.” Akatazama chini. Hata yeye hakuwa amepiga simu Jumapili kuuliza mgonjwa anaendeleaje, na nadhani hilo ndilo alilokuwa akilitazama pale sakafuni.

Consolata akanigeukia. “Mama Anyango, wewe ndiye uliyenakili. Sema.”

Wote wakanitazama kwa heshima. Hicho ndicho kitu kibaya, mwanangu, kwamba walinitazama kwa heshima. Nikasema, “Mimi nilinakili yaliyokuwamo.”

Nilisema hivyo tu. Hawakuniuliza swali la pili. Wangeuliza chati ya kwanza iko wapi, ningesema iliharibiwa na uji. Nani angebishana na mwandiko wangu? Consolata aliambiwa arudishe nguo za kazi kabla ya mwisho wa wiki. Alizirudisha zimepigwa pasi.

Nilijiambia mambo mengi. Kwamba una miaka miwili na nusu ya chuo iliyobaki. Kwamba Consolata ana mume na mimi sina. Kwamba Mama Dorina amepona. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa sababu. Sababu ni kwamba nisingevumilia daftari langu linyanyuliwe juu na watu waone doa.

Na wewe ukaacha kunishikia rula. Nilikuita mara moja, ukasema una masomo. Mara ya pili ukasema mkono unauma. Mara ya tatu sikukuita. Tukaanza kuishi kama wapangaji wawili wanaoheshimiana. Unanipakulia, nakupakulia. Unauliza kazini kukoje, nasema kuzuri. Nimekaa na upweke ndani ya nyumba hii na wewe uko humo humo unakoroga ugali. Kwa hiyo watu wanaponiambia pole, Mama Anyango, mtoto akienda nyumba itakuwa tupu, natabasamu. Wao wanadhani inaanza kesho.

Juzi Jumapili, baada ya neno lako la soda, sikwenda kwa mama mmoja mgonjwa kama nilivyokuambia. Nilikwenda Kisian. Consolata anakaanga samaki pale barabarani, upande wa magari yanayotoka Busia. Amenenepa kidogo, amefunga kitambaa cha manjano. Aliniona kutoka mbali na hakuinua macho kutoka kwenye mafuta.

“Karibu, mwenye mwandiko,” akasema.

“Consolata, nimekuja.”

“Nakuona. Wewe si mtu wa kupotea machoni. Nikupe mkubwa au wa wastani?”

“Sikuja kununua.”

“Basi sogea kando, unanizibia wateja.”

Nikasogea. Nikamwambia nikiwa nimesimama kando ya beseni la samaki wabichi, mkoba wangu wa kanisani kwapani, nzi wananizunguka. Nilimwambia yote: uji, rula, maneno yanayopanda juu. Aligeuza samaki mmoja. Akageuza mwingine.

“Ukaipeleka wapi, karatasi yangu?”

“Jikoni.”

“Jiko gani?”

“La nyumbani. Nilichemshia chai.”

“Ilikuwa na sukari?”

Mteja akaja, mama mmoja na mtoto mgongoni, akachagua samaki, Consolata akamfungia kwenye gazeti, wakataniana kuhusu mvua. Mama yule alipoondoka, Consolata akapangusa mikono akanitazama kwa mara ya kwanza.

“Unajua walichonifanya, Mama Anyango? Hakuna aliyeniita mwongo. Watu wetu wana adabu. Ila nikisema kitu, wananiuliza mara ya pili. Nikisema mtoto ana homa, mume wangu anauliza, una hakika? Nikisema kanisani nimelipa mchango, mweka hazina anasema ngoja niangalie. Mara ya pili, kila siku, miaka mitatu. Hata mimi siku hizi najiuliza mara ya pili. Kuna siku nilidhani labda sikumpigia yule daktari.”

Nikasema, “Nisamehe.”

Akasema, “Usiniambie mimi. Mimi nilikuwa najua kabla hujaja. Waambie waliokuamini.” Kisha akachukua samaki wa wastani, akamfunga, akanisukumia. “Mpelekee msichana. Nasikia anasafiri. Yeye alikuwa ananisalimia hata baada ya ile siku.”

Huyo ndiye samaki uliyekula Jumapili ukasema ana chumvi nzuri. Sikujua kwamba ulikuwa unapita kwake. Hukuwahi kuniambia.

Jana Matroni hakuwepo. Leo alikuwepo. Nilidhani nitapiga magoti, nikaishia kusimama kama askari. Unamjua Matroni Wanjiku, mtu wa Nyeri, hapandishi sauti, anashusha. Alinisikiliza hadi mwisho. Akafungua kabati, akatoa ile chati yangu. Ilikuwa ndani ya karatasi ya plastiki, Anyango. Akaiweka mezani.

“Unajua hii naifanyia nini?” akauliza. “Kila mfanyakazi mpya akija, namwonyesha hii. Namwambia, andika hivi.”

Nilitamani anipige.

“Na kila aliyefuata amejifunza hapa kwamba karatasi nzuri ni ile isiyo na kitu pembeni,” akasema. Nje mtu alikuwa anaburuta mtungi wa oksijeni, ule wa akiba ya siku stima inapopotea. “Mama Anyango, kazi yako siwezi kukuahidi.”

“Najua.”

“Ya Consolata nitaipigania. Lakini si kwa mdomo wangu. Nitawaita wote waliokaa kwenye ule ukumbi, na utasema mbele yao kama ulivyoniambia mimi. Sasa chukua kalamu, andika. Ukikosea, kata mstari mmoja, weka jina lako kando, endelea. Usirudie upya.”

Nimeandika kurasa mbili. Nimekata mara nane. Kila nilipokata mkono ulitaka kuichana karatasi, nikauzuia. Matroni alisoma bila kuvua miwani, akatia faili.

Kwa hiyo hilo ndilo ninalokupa, sina lingine kubwa. Umeniambia kule wanaandika kwenye kompyuta, kwamba inaweka saa yenyewe na jina la aliyeandika, na haiwezi kutiwa jikoni. Nimefurahi. Lakini nimefikiri pia kwamba hata huko kutakuwa na mtu kama mimi, mwenye sifa, anayependwa, ambaye atakuambia hilo halina mahali pake, liache. Huenda akawa mkubwa wako. Huenda akawa mtu anayekupikia. Daktari akikuambia jambo kwenye simu, mrudishie maneno yake, na uyaandike hata kama nafasi imebaki ya ukubwa wa ukucha, kisha ukatazame mashine yenyewe kwa macho yako, si karatasi inayosema mashine iko vipi. Hayo unayajua kuliko mimi, umeyafanyia mtihani. Nakuambia kwa sababu wewe uliyajua ukiwa na miezi mitano chuoni, na aliyekunyamazisha ni mimi. Usikubali tena. Hata mimi nikikupigia simu nikakuambia shika rula, nikatalie.

Na siku utakapokosea, maana utakosea, wewe si malaika ingawa nimewaambia watu wa kanisani kwamba karibu uwe, sema siku ile ile. Siku ya kwanza kosa langu lilikuwa la ukubwa wa mstari mmoja pembeni mwa karatasi. Mimi ndiye niliyelilisha hadi likawa na mume wa mtu, na kanisa, na mtoto wangu ndani yake.

Sikuandikii ili unisamehe kabla hujapanda ndege. Usilifanye hilo haraka kama mtu anayefunga begi. Nilitaka tu kesho tukikumbatiana pale uwanjani, mmoja wetu asiwe anaficha kitu, na kwa kuwa utaisoma baadaye, angalau asiwe mimi. Nitakukumbatia kwa nguvu na utashangaa. Sasa umejua kwa nini.

Nimefika hapa, simu imelia. Nilidhani ni wewe unaniambia nywele zimekwisha. Ni Matroni. Ameongea mchana huu na wote wa kile kikao. Nikamwambia mwanangu anaondoka kesho Jumatano, je, haiwezekani kungoja kidogo nipate kupumua? Akasema, “Mama Anyango, Consolata amengoja vya kutosha.” Nikasema ni kweli.

Basi nitavaa lile gauni la bluu uliloninunulia kwa mshahara wako wa kwanza wa mafunzo, nitatembea kwa miguu hadi pale, peke yangu, na nitaingia ukumbini kabla yao ili nisiwe na nafasi ya kugeuka. Bwana Ouko na mdogo wake wanatoka Usenge alfajiri, na wanamleta Mama Dorina mwenyewe, na mashine yake. Daktari atakuja. Mchungaji atakuja. Yule dada wa zamu ya Jumapili atakuja. Consolata amemwambia Matroni kwamba atazima jiko lake, afunge kibanda, na atakuja na mumewe, aketi asikie. Ni Ijumaa hii, saa nne asubuhi. Wote wanakuja Ijumaa.